Namna ya kubeba kamera nzito za filamu ya 120 bila kuumiza shingo na mabega

Mtembezi wa Lushoto aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Ninatumia kamera ya Mamiya RB67, inayotumia filamu ya 120, yaani filamu pana ya kuviringishwa yenye karatasi nyuma yake, na ambayo pamoja na lenzi yake ya milimita 90 na kasha la filamu ina uzito wa takribani kilo 2.7. Ninaipenda sana, kwa sababu negativu ya sentimita 6 kwa 7 inahifadhi ukungu wa asubuhi na majani ya mbali kwa namna ambayo kamera yangu ndogo haijawahi kunipa. Shida ni kuibeba. Ninapopanda kuelekea Irente, au ninapoingia katika msitu wa Magamba, mkanda unanikata shingoni, kamera inanigonga tumboni kila hatua, na nikifika mahali pa kupiga picha mikono inatetemeka kwa uchovu. Nikiiweka katika begi la mgongoni napata nafuu, lakini mwanga unabadilika kabla sijamaliza kuitoa. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnazibebaje kamera hizi, na kama ipo njia isiyonilazimu kuagiza mkanda wa bei ghali kutoka nje.

Studio ya Mtaani, Mombasa:

Marahaba, mwanangu. Kamera hiyo ilitoka mwaka 1970 ikiwalenga zaidi wapiga picha wa studio, ambako kamera hukaa juu ya stendi na mpiga picha ndiye anayeizunguka. Hata kile kipande cha nyuma kinachogeuka kutoka picha ya kulala hadi ya kusimama kiliwekwa ili mtu asilazimike kuulaza mwili mzima wa kamera ubavu. Kuibeba mlimani kunawezekana, nami nawajua wanaofanya hivyo, lakini shingo iondoe kabisa katika hesabu. Uzito unaoning'inia mbele ya kifua huvuta kichwa mbele, na misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kuuzuia muda wote unapotembea.

Kwa mwendo mrefu wa kupanda, begi la mgongoni ndilo jibu, mradi liwe na mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ukikazwa juu ya mifupa ya nyonga, na si tumboni, sehemu kubwa ya mzigo hutoka mabegani na kubebwa na miguu. Kamera ikae karibu na mgongo wako, usawa wa katikati ya mabega, na vitu vyepesi kama koti la mvua vikae upande wa nje. Kitu kizito kikikaa mbali na mgongo hukuvuta nyuma, nawe huinama mbele bila kujua ili kukipinga.

Kuhusu kuchelewa kuitoa, tafuta begi linalofunguka ubavuni, ili uweze kuvua mkono mmoja tu, ulizungushe begi hadi mbele na kuichomoa kamera bila kuliweka chini. Huhitaji begi la kamera lenye jina. Nunua kipande cha sponji kwa wauza magodoro, kikate kwa kisu chenye makali kulingana na umbo la kamera, kisha ukivike kitambaa ili chembe za sponji zisiingie kwenye lenzi. Kamera ikiwa tayari na lenzi yake, na bamba la kukinga filamu likiwa mahali pake, shata, yaani sehemu inayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu, haitafyatuka yenyewe ndani ya begi. Kumbuka tu kulitoa unapotaka kupiga. Mvukuto, ule mfuko wa kukunjika ulio kati ya lenzi na mwili wa kamera, uurudishe ndani kabisa kabla ya kuanza safari, kwa maana ukiachwa nje unaweza kubanwa na kutoboka, na tundu dogo tu linatosha kuharibu filamu nzima kwa mwanga.

Fundi Mikanda, Dar es Salaam:

Ninakubaliana na mzee wetu kuhusu mlimani, lakini mjini na kwenye njia tambarare mkanda wa kukatisha kifua unafaa kuliko begi. Uupitishe bega la kushoto hadi nyonga ya kulia, kamera ikae nyuma kidogo ya nyonga, na mkono wa kulia uishike ili isipigepige. Kinachoumiza hasa ni wembamba wa mkanda. Wauzaji wa vipuri vilivyotumika wana mikanda ya usalama ya magari, ambayo ina upana wa karibu sentimita 5, ni laini kwa nguo na imetengenezwa kuzuia mwili wa mtu mzima wakati wa ajali. Mpelekee fundi viatu, si fundi cherehani wa nguo, kwa sababu sindano na uzi wa fundi viatu vinaweza kupita tabaka kadhaa. Mwambie ashone kila ncha kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani, na aongeze kipande cha turubai lililokunjwa mahali panapogusa bega.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni pale mkanda unapoungana na kamera. RB67, kama kamera nyingine za filamu ya 120 za Hasselblad na Rolleiflex, ina vishikizo vyake maalumu, na vibanio vya zamani hulegea kwa kutumika. Kagua kila kimoja kwa kukivuta kwa nguvu juu ya kitanda kabla ya kutoka nyumbani. Wapo wanaoning'iniza kamera kwa skrubu ya kwenye tundu la stendi; kwa kamera ya uzito huu sishauri hata kidogo, kwa kuwa mwendo huizungusha skrubu taratibu hadi ifunguke. Anayelazimika kufanya hivyo aongeze kamba ya pili imara kutoka kwenye kishikizo cha kamera hadi kwenye mkanda.

Msomaji wa Negativu, Nairobi:

Naongeza jambo moja kwa wanaosoma hapa wakiwa bado hawajanunua kamera. Kamera ya lenzi mbili kama Yashica Mat-124G ina uzito wa takribani kilo 1.1, na hiyo kweli inaweza kuvaliwa shingoni. Mkanda uwe na urefu wa kuifikisha chini ya kifua. Ukiisukuma kamera chini hadi mkanda ukaze, inatulia vizuri na unaweza kutumia kasi ndogo ya shata. Mpiga picha wa mitaani wa Marekani, Vivian Maier, alizunguka mitaa ya Chicago akiwa na Rolleiflex kwa namna hiyo. Wanaanga wa Apollo 11, mwaka 1969, walikuwa na sehemu ya kufungia Hasselblad kwenye kifua cha suti zao ili mikono ibaki huru, na walipoondoka mwezini walirudi na makasha ya filamu wakaziacha kamera ili kupunguza uzito.

Mtembezi wa Lushoto:

Nawashukuru sana. Nitatafuta mkanda wa gari na sponji wiki hii. Nina swali moja lililobaki: sehemu ya kwanza ya safari huwa napanda bodaboda, na njia ni ya mawe. Kamera ikae wapi, na filamu je?

Studio ya Mtaani, Mombasa:

Begi livae mgongoni au lipakate mapajani, kamwe usilifunge kwenye keria ya nyuma, kwa sababu mtikisiko wa pale hulegeza skrubu ndogo za lenzi. Mwili wako unapokea sehemu ya mtikisiko kabla haujaifikia kamera. Ukiwa na kanga, izungushie kamera ndani ya begi, kisha ukifika uitumie kujifunika kichwa wakati wa kubadilisha filamu juani. Filamu ziweke katikati ya begi, mbali na mfuko wa nje unaopigwa na jua, na kila uliyomaliza kuipiga uikaze vizuri na kuibandika kabla ya kuiweka, kwa sababu karatasi ikilegea mwanga huingia kupitia kingo.