Mama yuko Leipzig: gumzo la kikundi cha familia

*Ijumaa*

Neema: Shikamooni wakubwa wote. Tumefika Leipzig salama. Mama amekaa kwenye benchi stesheni, hataki kuondoka mpaka aimalize kuitazama. Uso wa jengo tu ni mita 298, la tangu 1915.

Godi: Mpe maji ya kunywa kwanza, takwimu baadaye 😂

Aika: Soksi nzito amevaa?

Mama: NIMEVAA. Msinihesabie soksi kama mtoto wa chekechea. Bwana asifiwe wote. Ni mimi Mama yenu.

Mjomba Elisa: Amina dada. Huko ndiko walikotoka waliofungua misheni hapa Machame mwaka 1893. Sasa na wewe umewarudishia ugeni.

Aika: Mimi bado nasema angeanza na Berlin. Picha za Berlin zingependeza.

Neema: Aika, Mama ameimba kwaya maisha yake yote, nimpeleke akapige picha na lango? Saa kumi na mbili jioni kuna moteti, yaani nyimbo za kwaya, kwenye kanisa la Thomaskirche. Kwaya ya wavulana ya pale ni ya tangu 1212.

Godi: 1212?? Wakati huo sisi tulikuwa wapi?

Mjomba Elisa: Mlikuwa kihambani mnapalilia. Kama mngekuwa mnapalilia mpaka leo, migomba isingekuwa hivi.

Baba Mdogo: *Imesambazwa mara nyingi:* FAIDA ZA TANGAWIZI AMBAZO DAKTARI HATAKUAMBIA. Soma mpaka mwisho.

Aika: Baba mdogo shikamoo, hii umeituma jana pia.

Neema: Tumetoka. Jamani. Pale mlangoni unanunua karatasi ya programu, ndiyo tiketi yako. Kaburi la Bach, yule mtunzi wa muziki, liko mbele, kwenye eneo la madhabahu: bamba la shaba na maua ya watu juu yake. Alikuwa mwalimu wa muziki hapa kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750. Hakuzikwa humu mwanzoni. Kanisa yalimokuwa mabaki yake liliharibiwa vitani, yakahamishiwa hapa.

Mjomba Elisa: Na kwaya?

Neema: Kwaya inaimbia nyuma, juu kwenye roshani ya kinanda. Watu wote wanatazama mbele wanasikiliza. Mama peke yake aligeuza shingo muda wote.

Mama: Nitaimbiwaje na mtu nisiyemwona? Vijana wale wanaimba vizuri, besi imetulia, hakuna anayemfunika mwenzake. Mwambieni mwalimu wetu wa kwaya besi si kupiga kelele. Ila hawatikisiki hata bega.

Godi: 😂😂 Mama amewapa maksi ngapi?

Mama: Sijamaliza kusahihisha.

*Jumamosi*

Neema: Leo asubuhi Nikolaikirche. Nguzo za ndani zimeishia juu kwa matawi ya mnazi, meupe na ya kijani. Mama ameingia tu akasema kwa sauti, "Hawa wamepanda migomba kanisani!" Mjerumani mmoja amegeuka.

Mama: Ile ni migomba. Mimi nimelima migomba, sitafundishwa.

Neema: Aika, wewe uliyetaka ukuta wa Berlin: mambo yalichemkia hapa. Maombi ya amani ya kila Jumatatu yalianza kwenye kanisa hili 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama 70,000 wakaandamana mjini na mishumaa kupinga serikali ya Ujerumani Mashariki, polisi na askari wamejaa, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta ukafunguka.

Aika: Haya, hilo sikulijua. Mama amesemaje?

Neema: Ameomba. Muda mrefu. Sikumuuliza.

Godi: Samahani kukatiza, mchango wa kipaimara cha Jordan mwisho ni leo. Baba mdogo, tangawizi hailipi.

Baba Mdogo: Nitatuma jioni.

Neema: Sasa tumekaa kwenye mgahawa. Nimemsimulia Mama kwamba Bach alitunga kantata nzima, yaani hadithi ya kuimbwa, kuhusu kahawa, miaka ya 1730 hivi. Baba anamkataza binti yake kahawa, anamtishia hatampa mume. Binti anakubali kuacha, kumbe kichinichini anatangaza kwamba hamkubali mchumba yeyote asiyemruhusu kunywa kahawa.

Aika: Huyo binti ni Neema kabisa.

Mama: Kikombe kimoja yuro nne. Nimewauliza kahawa inatoka wapi, kijana akasema Ethiopia na Brazili. Nikamwambia sisi tumepeleka kahawa yetu KNCU, chama chetu cha ushirika, tangu baba yangu. Akacheka vizuri tu. Kilo yetu inalipwa ngapi na kikombe hiki ngapi, hapo hakucheka.

Mjomba Elisa: Dada umesema yote. KNCU ni ya 1933, mzee wetu alikuwa akitembea na kadi yake mfukoni.

Neema: Tumepita pia nje ya nyumba ya Misheni ya Leipzig. Jumamosi hakuna mtu. Nyaraka nyingi za zamani zimehamishiwa Halle, siyo mbali na hapa. Mama amegusa mlango, basi.

Mjomba Elisa: Guseni mlango, sawa. Mimi nina swali lingine, nisiharibu safari. Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Kichwa chake kiko wapi?

Aika: Mjomba jamani, Mama yuko matembezini.

Mama: Mwacheni aulize. Ila Elisa, walionyonga ni wanajeshi. Wachungaji walitufundisha kusoma.

Mjomba Elisa: Ni kweli dada. Lakini mlima walipanda kwa njia moja.

Neema: Mjomba, mafuvu yaliyopimwa vinasaba yalikuwa Berlin. Mwaka 2023 walipata yanayolingana na familia za kwetu Kilimanjaro. La Mangi Meli halikupatikana. Hapa Leipzig kuna jumba la makumbusho la Grassi, lina vitu vya kwetu pia. Na Hans Meyer, yule aliyefika Kibo 1889, alikuwa wa familia ya wachapishaji wa mji huu. Alichukua jiwe la kileleni, nusu akampa Kaizari, mfalme wa Ujerumani.

Godi: Aisee, mgeni anaondoka na jiwe la kileleni?

Mjomba Elisa: Na kilele wakakiita kwa jina la Kaizari.

Neema: Kesho nilipanga mnara wa vita vya 1813, mita 91, ngazi nyingi. Magoti ya Mama yamekataa kabla sijamaliza kusema. Naona tuache. Grassi nimpeleke, au ataumia moyo? Semeni ukweli.

Aika: Mimi nasema asiende. Likizo ni likizo.

Godi: Mimi nasema aende.

Mama: Mnapiga kura juu ya nani? Nitakwenda. Nitavaa kitenge cha kanisani. Elisa, niandikie maswali, Neema atawatafsiria.

Mjomba Elisa: Naandika. La kwanza: vitu hivyo vilinunuliwa au vilichukuliwa, na nani alitia saini? La pili: jiwe.

Baba Mdogo: Mchango nimetuma, Godi angalia.