Mjadala: Petroli ya oktani 95 kwa kila gari, au tunatupa hela?

Mleta mada
Wadau, hili tulijadili mpaka tulimalize. Kuna wanaosema petroli ya oktani 95 ndiyo mafuta bora, na kila anayelipenda gari lake aweke hiyo. Kuna wanaosema ni biashara tu, petroli ni petroli, weka ya bei nafuu uende zako. Mimi naona wote wamekosea, kwa sababu wanabishania mafuta bila kuiuliza injini.

Oktani haipimi nguvu wala usafi. Inapima petroli inavyovumilia mgandamizo na joto bila kujiwakia yenyewe. Isooktani ilipewa 100, heptani ikapewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayostahimili sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani, basi. Chukueni ethanoli: oktani yake inapita 100, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kwa karibu theluthi ukilinganisha na petroli. Jina "supa" tunaloipa petroli ya oktani kubwa limetupotosha kwa miaka mingi, tukadhani ina nguvu zaidi.

Sasa tuingie ndani ya silinda. Pistoni inapanda, inabana hewa na mafuta, plagi inapiga cheche, moto unatambaa kutoka kwenye plagi kwenda pembeni. Oktani ikiwa ndogo kuliko injini inavyohitaji, mafuta yaliyobaki pembeni yanalipuka yenyewe kabla moto haujayafikia. Hapo ndipo injini inagonga. Panda mlima na gia kubwa, mwendo mdogo, kanyaga mafuta hadi chini. Ukisikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, ndiyo hiyo. Nimewahi kushika pistoni iliyotoka kwenye injini iliyogonga muda mrefu: ukingo wa kichwa chake ulikuwa umechimbika vitobo vitobo kama ubao ulioliwa na wadudu, na sehemu inayoshika ringi imemeguka. Sijaisahau mpaka leo.

Mchangiaji wa kwanza
Kaka, hapo sikubaliani na wewe. Gari langu linahitaji oktani 91. Nimeweka 95 mwezi mzima, limekuwa jepesi, milima inapanda bila shida. Mguu wangu hauwezi kunidanganya.

Mleta mada
Sikukatalii ulichokisikia, ndugu yangu. Ila injini ambayo kweli inatosheka na 91 na haigongi, haina cha kufanya na hizo 4 za ziada. Huenda injini imezeeka, kaboni imejaa juu ya pistoni; nafasi ikipungua mgandamizo unapanda, na mahitaji ya oktani yanapanda nayo. Huenda pia mafuta hayo yana dawa ya kusafisha nozeli, lakini dawa ni kitu kingine na oktani ni kitu kingine. Nikuulize tu: hiyo 91 uliisoma wapi?

Fundi
Afadhali umeuliza hilo, maana hapo ndipo magari mengi yanapoumia. Namba ina kipimo chake. Ulaya wanaandika RON, yaani oktani iliyopimwa kwenye injini ya majaribio inayozungushwa polepole. Kuna kipimo kingine, MON, ambacho injini ya majaribio inazungushwa kwa kasi zaidi na mchanganyiko ukiwa wa moto zaidi, kwa hiyo namba yake hutoka ndogo. Marekani wanachukua wastani wa vyote viwili. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni kama 91 ya RON, na 91 yao ni kama 95 au 96 ya RON.

Nililetewa gari la turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) lililotengenezwa kwa soko la Marekani. Kitabu chake kimeandika 91. Mwenyewe, dada mwangalifu kabisa, akaenda kwenye pampu iliyoandikwa 91 RON akajaza, kila wiki, akijua anafuata kitabu. Gari limekosa nguvu, linakula mafuta, na ameshabadilisha plagi mara mbili bure. Tulipandisha oktani ya mafuta tu, gari likatulia.

Mchangiaji wa pili
Lakini magari ya siku hizi yana sensa. Inasikia kugonga, inarekebisha yenyewe. Kwa nini mtu ajisumbue?

Fundi
Mdogo wangu, sensa inasikia kugonga kukishatokea. Kisha kompyuta inachelewesha taimingi, cheche inapigwa baadaye kidogo. Injini inapona, lakini nguvu inapungua, ulaji unaongezeka, na moshi unatoka wa moto zaidi. Kitabu kikisema "inapendekezwa", unaweza kushuka kidogo usipobeba mzigo. Kikisema "lazima", usijaribu, hasa turbo. Na gari la kabureta kwa kawaida halina sensa ya kugonga. Masikio yako ndiyo sensa.

Mleta mada
Niongeze kwa wanaoishi nyanda za juu: hewa huko ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, kwa hiyo injini isiyo na turbo hugonga kwa nadra. Mtu wa huko akishuka pwani na tangi lile lile anaweza kuanza kusikia misumari. Turbo hubana hewa yake yenyewe, kwa hiyo mwenye turbo asijiamini sana.

Mchangiaji wa kwanza
Nimerudi. Nimetoka nje sasa hivi nikafungua kifuniko cha tangi. Kibandiko kimefifia lakini kinasomeka: kiwango cha chini 95 RON. Ile 91 niliambiwa kwa mdomo na aliyeniuzia gari, sikuwahi kuhakikisha.

Mleta mada
Basi mguu wako ulisema kweli, kaka. Kompyuta ilikuwa inachelewesha taimingi tangu siku uliyolinunua. Usirudi kwenye 91. Na ukipata nafasi mwambie fundi achungulie silinda kwa kamera kupitia tundu la plagi, aone vichwa vya pistoni vikoje.