Shingo imekaza: sindano au vidonge?

Mama Dagaa, Ujiji: Jamani, siku ya tatu shingo haigeuki. Nililala nimeegemea dirisha la treni kutoka Tabora. Sasa nikiitwa nageuka mwili mzima kama fisi. Duka la dawa wamenipa diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kumeza, jirani anasema bila sindano siponi. Nichomwe?

Muuguzi Mstaafu: Pole mwanangu. Dawa ni ileile. Sindano huwahi kidogo kuanza kazi, ila baada ya muda tofauti huioni. Kama hutapiki, meza ukishakula. Dawa hii huumiza tumbo, na sindano hailiokoi, maana dawa hulifikia kupitia damu. Halafu ikichomwa vibaya kalioni inagusa mshipa wa fahamu, mguu ukaburuta. Nimewaona. Usichanganye na ibuprofeni, ni dawa za jamii moja.

Boda wa Gungu: Mimi nilichomwa. Kesho yake shingo vilevile, na kalio juu! Kwenye pikipiki nilikaa upande.

Mama Dagaa: Mama, vidonda vya tumbo ninavyo. Wa dukani hakuniuliza, nami sikusema.

Muuguzi Mstaafu: Ala! Basi ziache hizo. Parasetamoli, kitambaa cha maji moto, geuza shingo taratibu. Homa ikipanda au mkono ukifa ganzi, hospitali leo hii.