Naomba ushauri: Makanisa yanayotofautiana kuhusu ubatizo huunganaje?

MzeeWaBaraza:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa katika kanisa dogo la Kipresbiteri ambalo kwa muda mrefu limetumia jengo moja na jirani zetu Wabaptisti. Pande zote mbili zimeunda kamati ya kuzungumzia muungano, nami nimeteuliwa kuwa katibu wake. Sisi tunabatiza watoto wachanga, ilhali wao wanamzamisha mtu aliyekwisha kukiri imani yake mwenyewe. Baadhi ya wajumbe wanataka mafundisho yasiguswe hadi tutakapokuwa tumeungana, na wengine wanadai kwamba lazima tukubaliane juu ya kila jambo kwanza. Naona hatari katika njia zote mbili. Waliofanikiwa walianzia wapi?

Mwanahistoria wa Kanisa:
Amina, mzee wetu. Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni Kanisa la Kusini mwa India. Mazungumzo yalianza katika mji wa Tranquebar mwaka 1919, na muungano ukatimia Madras tarehe 27 Septemba 1947, yaani baada ya miaka 28. Kikwazo chao kikubwa hakikuwa ubatizo bali uaskofu, kwa kuwa Waanglikana hawakuwa tayari kuuacha, na Wapresbiteri na Wakongrigesheni (ambao kila usharika wao hujitawala) walikuwa wameishi vizazi vingi bila askofu.

Walichofanya kinastahili kusomwa polepole na kamati yako. Walikubali kuwa na maaskofu, lakini hawakumlazimisha yeyote kushika nadharia moja kuhusu asili ya uaskofu. Wachungaji waliokuwapo walipokelewa na huduma zao jinsi walivyokuwa, bila kuwekewa mikono upya, na ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo wote watakaowekwa wakfu watawekwa na maaskofu. Kisha wakaahidiana kwamba hakuna usharika utakaolazimishwa kupokea ibada au mchungaji ambaye dhamiri yake inamkataa. Lesslie Newbigin, mmisionari wa Kipresbiteri aliyetumwa na Kanisa la Uskoti, aliwekwa kuwa askofu katika kanisa hilo jipya mwaka ule ule. Kwa hiyo hawakuyafumbia macho mafundisho, wala hawakungoja kufanana. Walitenganisha yale ambayo bila hayo hakuna kanisa moja na yale ambayo ndugu wanaweza kuyatofautiana wakiwa meza moja.

Mama Mchungaji:
Naongeza onyo kutoka Afrika Mashariki yetu. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu kupanga shirikisho, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Kipresbiteri, askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki Peel na askofu Willis wa Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana. Shirikisho lililokusudiwa halikutimia. Mzee, wahusisheni mapema wale wanaopinga kwa dhamiri njema, kwa maana wasiposikilizwa kamatini watasema nje ya kamati.

MzeeWaBaraza:
Nawashukuru sana. Swali linaloniumiza zaidi ni hili: mtu aliyebatizwa utotoni kwetu akiomba baadaye azamishwe, tumwambie nini?

Mwanahistoria wa Kanisa:
Hilo lilijibiwa Uingereza. Wapresbiteri na Wakongrigesheni waliunda Kanisa la Muungano la Kireformati mwaka 1972, na mwaka 1981 wakajiunga nao Makanisa ya Kristo, ambayo yalibatiza waamini tu. Aina zote mbili za ubatizo zikawekwa katika msingi wa muungano, dhamiri ya kila mmoja ikalindwa, lakini mtu hubatizwa mara moja tu. Nakushauri mliandike jambo hilo waziwazi kabla ya kupiga kura, kwa sababu Mbaptisti wa kweli atauliza kama ubatizo wa utotoni ni ubatizo, na jibu la mzaha litamjeruhi.

Wakili Mkristo:
Msisahau mali. Kanada, Wamethodisti, Wakongrigesheni na Wapresbiteri walipoungana mwaka 1925, Bunge lilitunga sheria ya muungano, na sharika za Kipresbiteri zikaruhusiwa kupiga kura ya kubaki nje. Takriban theluthi moja ya Wapresbiteri walibaki nje. Kabla hamjaandika katiba, tafuteni hati ya kiwanja na mjue imeandikwa kwa jina la nani.