Naomba ushauri: tathmini ya huduma kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, Newala

Wakuu, habari za kazi. Tunatathmini huduma ya mazoezi kwa watoto chini ya miaka 3. Daftari la mahudhurio limejaa vizuri, ila halisemi kama mtoto sasa anakaa bila kuegemezwa. Kwa hiyo tunampima anapoanza, kisha kila miezi 3, kwa malengo aliyochagua mzazi: kushika kikombe, kumeza uji bila kupaliwa. Njiti tunamhesabia umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, la sivyo ataonekana kachelewa kuliko alivyo.

Kinachotusumbua ni msimu wa korosho. Familia zikihamia mashambani, wanaopimwa ni wa jirani na zahanati tu, na matokeo yanapendeza kwa uongo. Tuwafuate huko huko, au tusogeze kipimo hadi Januari?