Vifaa 25 kwenye laptopu moja, uzito na joto havikutani kwenye grafu – naomba msaada

chanja_ziwani

Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie maana hili jambo nimehangaika nalo wiki ya tatu sasa. Nipo Mwanza, tumejenga kikaushio cha dagaa cha jua na feni. Kina mama wanaoanika kwenye chanja mvua ikipiga siku mbili mfululizo mzigo unaharibika wanaishia kuuza kwa bei ya chakula cha kuku, sasa tunataka tuwe na namba, kikaushio kinatoa maji kiasi gani kila saa na kinakula umeme kiasi gani, siyo maneno matupu.

Vifaa nilivyonavyo: mizani 4, kila mmoja umebeba trei yake, inatoa data kwa RS232 (waya wa kutuma herufi moja moja), nimeiunga kwa adapta za USB kwenye habu moja. Mita za umeme 6 za Modbus (lugha ya kuuliza na kujibu) zipo kwenye RS485, yaani jozi moja ya waya inayobeba vifaa vingi. Sensa za joto DS18B20 ziko 12 na za unyevu 3, hizo zimeingia kwenye bodi ndogo inayotuma kwa USB. Programu nimeandika mwenyewe kwa Python, inazunguka, inasoma mzani wa kwanza mpaka wa nne, halafu mita moja moja, halafu bodi, inaandika mstari mmoja kwenye faili pamoja na saa. Kila sekunde 10 mstari mmoja.

Shida ni kwamba muda haulingani. Joto linapanda ila uzito unakaa tu kama dagaa hawakauki, halafu jioni feni nimeshazima uzito ndo unashuka. Juzi nikajaribu: saa 4 na dakika 10 asubuhi nikainua trei namba 2 yenye kilo 3 na kitu nikaiweka chini, kioo cha mzani kikasoma sifuri palepale, kwenye laptopu uzito umebaki vilevile, nikasimama pale naangalia, ukaja kushuka saa 5 kasoro dakika 12. Na mara nyingine mzani unatoa namba zilizokatika katikati.

Tena mita ya 5 na ya 6 zinanyamaza blowa kubwa likiwaka, na umeme ukikatika ukarudi poti zinabadilika namba, mzani wa 1 unakuwa wa 3. Kuna mtu kaniambia laptopu imechoka ninunue mashine maalumu ya kukusanya data, bei yake ni zaidi ya kikaushio chenyewe. Nifanyeje?

waya_mbili

Mkuu pole sana, kabla hujanunua chochote nijibu kimoja: hiyo mizani inatuma yenyewe mfululizo au inasubiri iulizwe? Nitumie na mstari mmoja kama unavyotoka.

chanja_ziwani

Inatuma yenyewe, kwenye menyu yake imeandikwa mara 10 kwa sekunde. Mstari uko hivi: ST,GS,+003.142kg

waya_mbili

Basi mchawi wako nimemuona, na laptopu haihusiki. Hesabu herufi za huo mstari ni 16, ongeza mbili za kufunga mstari ambazo huzioni, zinakuwa baiti 18. Mzani unatuma mistari 10 kila sekunde, wewe unachukua mmoja kila sekunde 10. Inayobaki haipotei, kompyuta inaihifadhi kwenye bafa ya poti, yaani hifadhi ya muda, na hiyo bafa kwa kawaida ina baiti kama 4096, yaani mistari 227 hivi. Inajaa ndani ya nusu dakika. Ikishajaa, ukitoa mstari mmoja wa mbele unaingia mmoja nyuma, kama foleni ya maji bombani, ndoo ya mwisho isubiri za mbele zote. Mistari 227 mara sekunde 10 ni sekunde 2270. Gawa kwa 60 uone.

Dakika 37 na nukta kadhaa. Wewe uliinua trei saa 4 na dakika 10 ukasubiri mpaka saa 5 kasoro 12, ni dakika 38. Yaani uzito wote uliouandika wiki tatu hizi ni wa nyuma kwa dakika 38 hivi, na hizo namba zilizokatika ni pale bafa imejaa mstari ukaingia nusu.

Dawa iko rahisi. Kila mzani upe thredi yake, yaani kipande cha programu kinachokwenda sambamba na vingine, ambayo kazi yake ni kusoma tu bila kupumzika, kila mstari unaofika inaupiga muhuri wa saa papo hapo na kuweka wa mwisho pembeni, halafu lupu yako kubwa, ule mzunguko wa programu, kila sekunde 10 inachukua huo wa mwisho pamoja na saa yake. Au kama mzani una hali ya kuulizwa, ibadilishe kwenye menyu, uulize ujibu. Ukiona uvivu wa thredi basi angalau futa bafa kabla ya kusoma, tupa mstari wa kwanza maana utakuwa umekatika, chukua wa pili. Ila mimi ningeenda na thredi.

Na data ya zamani usiitupe! Ucheleweshaji haubadiliki kama lupu ilikuwa inazunguka sawasawa, unaweza kuurudisha uzito nyuma. Siku zile tu ambazo mita zilinyamaza ndo ziangalie vizuri, maana lupu ilikuwa inazisubiri na mzunguko unarefuka.

fundi_umeme_kaskazini

Naomba niingie kwenye mita maana hapo ndo nyumbani kwangu. Chanja, waya wa RS485 umeupitishaje? Umetoka kwenye laptopu ukagawanya kama matawi kwenda kila mita, au unaingia mita ya kwanza unatoka unaingia ya pili mpaka mwisho?

chanja_ziwani

Matawi mkuu. Nimeweka kiboksi katikati, kila mita ina waya wake. Na zile mbili za blowa waya wake umepita pamoja na kebo ya umeme ya blowa kwenye bomba moja, ilikuwa kuokoa bomba.

fundi_umeme_kaskazini

Hapo hapo. Badilisha viwe mnyororo, mita hadi mita, waya wa jozi iliyosokotwa, na ncha mbili za mwisho tu uweke rezista ya oum 120 kati ya zile nyaya mbili, A na B, za katikati usiweke. RS485 ikifungwa vizuri inakwenda hata umbali wa mita 1200 kwa spidi ndogo, hako ka umbali kako siyo kitu. Toa huo waya kwenye bomba la blowa, na kama blowa lina inveta ya kubadilisha spidi ndo kabisa, hiyo inamwaga kelele kwenye kila waya ulio jirani. Mimi huwa naweka na adapta ya RS485 iliyotengwa kiumeme, nilishaona poti ya USB ya mteja imekufa kwa sababu ya tofauti ya athi (waya wa ardhi) kati ya panel na chaja ya laptopu, na sitaki tena.

Halafu muda. Kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde herufi moja ni kama milisekunde 1. Swali la Modbus ni baiti 8, jibu la regista 10 (vijisanduku vya namba ndani ya mita) ni baiti 25, kwa hiyo waya wenyewe unakula milisekunde 34 hivi, weka na muda wa mita kufikiri, mita 6 unazimaliza chini ya sekunde moja. Ila mita ikinyamaza programu inasubiri. Umeweka kusubiri sekunde ngapi na kurudia mara ngapi?

chanja_ziwani

Sekunde 1, mara 3.

fundi_umeme_kaskazini

Mita mbili mara tatu, sekunde 6 zimekwenda hapo, na saa umeshaipiga mwanzoni mwa mstari. Kwa hiyo joto unaloandika kwenye mstari huo limesomwa sekunde 6 na zaidi baada ya saa iliyoandikwa. Punguza kusubiri kuwe milisekunde 200, rudia mara moja, ikinyamaza andika pengo. Pengo ni data. Namba ya kubahatisha siyo data.

mama_sensa

Kwenye zile DS18B20 angalia bodi yako inavyoziuliza. Kwa usahihi wa biti 12 kila sensa inahitaji milisekunde 750 kubadilisha, ukiziuliza moja moja na kusubiri ni sekunde 9 kwa zote 12. Ila kuna amri ya kuziambia zote kwa pamoja "pimeni sasa", zinapima kwa wakati mmoja, unasubiri milisekunde 750 mara moja tu halafu unazisoma taratibu, hata kama kusoma kunachelewa joto ni la dakika ileile. Kwa kweli mimi hilo ndo naona la msingi kwenye kazi hii yote, kupima kwa pamoja na kusoma kwa pamoja ni vitu viwili tofauti. Hata vifaa vya maabara vya miaka ya sabini vilivyounganishwa kwa GPIB (waya wa pamoja wa vifaa vya kupimia) vilikuwa na amri ya kuvishtua vyote kwa mpigo.

Bodi isitume saa yake, iache laptopu ipige muhuri, usiwe na saa mbili zinazobishana. Na kwenye daftari la mkononi waambie vijana waandike 10:10 kama ilivyo kwenye faili, wasiandike saa 4 na dakika 10. Nimeshawahi kuunganisha daftari na faili la mtu nikakuta masaa 6 ya tofauti kwenye nusu ya kurasa tu, kwa sababu waandishi walikuwa wawili.

Poti: kama uko Linux tumia majina ya /dev/serial/by-id, yanafuata adapta yenyewe siyo namba ya poti. Adapta zako kama ni za bei rahisi zisizo na namba yake ya pekee (serial number) tumia by-path, jina linafuata tundu, halafu bandika stika kwenye kila tundu la habu, usizihamishe.

kinu_cha_nafaka

Samahani nadandia hapohapo, mimi napima mtikisiko wa kinu kwa sensa 3 pamoja na mkondo wa mota. Thredi zitanitosha?

mama_sensa

Wewe hapana. Dagaa anakauka kwa masaa, sekunde moja haimdhuru. Umeme wa 50 Hz mzunguko mmoja ni milisekunde 20, ukichelewa milisekunde 1 tu umekosea nyuzi 18 kati ya 360 za mzunguko. Na USB yenyewe inachelewa inavyojisikia, kuna adapta zinashikilia data mpaka milisekunde 16. Wewe tafuta kadi moja inayopima chaneli zote kwa kloki moja, mtikisiko na mkondo viingie humo humo. Fungua uzi wako tutakujibu vizuri.

chanja_ziwani

Wakuu nimerudi. Mizani nimeipa thredi nne, leo nimeinua trei namba 2 saa 10:05:20, faili linaonyesha 10:05:20. Nilikaa chini kwa kweli. Mnyororo wa mita nimefunga jana, mita ya 5 imesimama vizuri blowa likiwaka, ya 6 bado inaruka mara moja moja, nadhani ni ile kona ambayo waya unakatiza kebo ya blowa, kesho nitaupandisha juu. Joto sasa linasomwa yote kwa pamoja. Data ya wiki tatu nimeirudisha nyuma dakika 38, na uzito unaanza kushuka kama robo saa baada ya feni kuwaka, siku zote isipokuwa mbili ambazo mita zilinyamaza. Jumatatu tunapakia kilo 12 za dagaa wabichi, nikipata grafu nitaiweka hapa.