Vipimo vya masalia ya dawa: tumngoje mwenye hataza au tutengeneze hapa Mbeya?

Wadau, hoja iliyoletwa ni kwamba wakemia na wahandisi wetu wakitengeneza hapa Mbeya vipande vya kupimia masalia ya dawa za saratani kwenye meza, trei na vitasa vya hospitali, watakuwa wanaiba ubunifu wa watu wenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake. Kaka mmoja kasema tutaburuzwa mahakamani. Mimi nasema watengeneze.

Tujue kwanza kinacholindwa ni nini. Unapangusa meza kwa kijiti chenye pamba na maji yake maalumu, kisha unadondosha maji hayo kwenye kipande, nayo yanapanda. Ndani mna kingamwili, yaani protini zinazoinasa dawa fulani tu, zilizoshikizwa kwenye chembe za dhahabu. Dawa ikiwepo inazishika kingamwili hizo na mstari haujitokezi. Usipouona mstari, meza ni chafu. Kipimo cha mimba husomwa kinyume chake. Vipande vya namna hii kampuni ya Unilever iliviombea hataza mwishoni mwa miaka ya 1980, na kesi zikafuata miaka mingi. Ulinzi wa hataza ni miaka 20 tangu kuombwa. Ule umekwisha, sasa ni wa wote. Kinachoweza kuwa hai bado ni kingamwili ya dawa fulani, umbo la kijiti au mashine ya kusomea mstari. Kampuni ya Becton Dickinson ya Marekani, kwa mfano, ilileta sokoni kipimo cha methotreksati na doksorubisini, ambazo ni dawa za saratani. Hawana umiliki wa wazo zima la kupangusa meza na kupima.

Halafu hataza ina mipaka. Iliyotolewa Marekani haimfungi mtu wa Mbeya mpaka mwenyewe aisajili BRELA, wakala wetu wa usajili, au apitie ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, na kuitaja Tanzania. Anayetaka kuuza ng'ambo ya Tunduma au Kasumulu akague pia ya Zambia na Malawi, kwa sababu huko ndiko anakoweza kunaswa akiwa hana habari.

Dada aliyeuliza mvumbuzi atakula nini ana haki ya kujibiwa. Kama kingamwili imesajiliwa hapa, alipwe, na alipwe vizuri. Akikataa masharti ya haki, sheria yetu ya hataza inaruhusu leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza hata mwenye hataza asipokubali. Na kufanya utafiti maabara hakumwibii mtu.

Linaloniuma ni muuguzi. Anachanganya dawa inayoweza kuharibu mimba, tone linaanguka, linakauka, halionekani kwa macho. Mwenzake anakuja zamu ya usiku, labda mjamzito, anaegemea meza ileile. Tumwambie asubiri boksi kutoka nje, kwa bei ya nje, kwa sababu tumeogopa hataza ambayo hakuna aliyeikagua?

Kwa hiyo nawaomba mnaosema ni wizi: leteni namba ya hataza yenyewe, BRELA au ARIPO, na kipengele kinachovunjwa. Tukisome hapa, tubishane juu ya hicho.